Kibaba Kimoja cha Maji

Kazi yangu ya kwanza baada ya kuacha chuo ilikuwa kuhesabu maji. Nilikuwa na miaka 22. Nilikuwa nimerudi kwetu Lodwar na begi moja na deni la karo, na kila jirani alikuwa ananiuliza, "Sasa uhandisi umeisha?" Haukuwa umeisha. Ulinishinda kulipia mwaka wa tatu, basi. Kwa hivyo jamaa yangu aliponipigia simu kwamba kuna mradi Kakuma unatafuta vijana wanaojua Kiswahili, Kiturkana na hesabu kidogo, sikuuliza maswali mengi. Kesho yake nilikuwa kwa gari, kilomita kama 120 kuelekea kaskazini-magharibi, na jioni nikapewa tableti, fulana na orodha ya maswali.

Mradi ulikuwa hivi. Kwenye msikiti mmoja wa mabati ndani ya kambi, mafundi walikuwa wameng'oa mifereji ya kawaida, ile ya kuzungusha, wakaweka ya kubonyeza. Unabonyeza kichwa cha mfereji, maji yanatoka kwa sekunde chache, halafu yanajifunga yenyewe. Watu watatawadha, hakuna atakayesahau mfereji wazi, maji yataokolewa. Kwa karatasi ilikaa poa. Kazi yangu ilikuwa kusoma mita asubuhi na jioni, na kuwahoji waumini.

Wiki ya pili nikapata mifereji yote imefungwa blada, vile vipande vya mpira wa ndani wa tairi ambavyo watu wa bodaboda hufungia mizigo. Mtu alikuwa amevibana vichwa vya mifereji vikakaa chini, na maji yalikuwa yanatiririka bila kukatika tangu adhana ya adhuhuri mpaka tangi likakauka. Mita ilisoma vibaya kuliko kabla ya mradi. Msimamizi wangu, mtu mpole aliyekuwa anafikiria ripoti yake, akaniambia niandike kwenye sehemu ya maoni: watumiaji wanatumia kifaa vibaya. Nikaandika. Nikatuma.

Hiyo sentensi imenikaa rohoni miaka minne. Tangu hapo nimesoma, nimeuliza wazee, nimepima maji kwa mikono yangu, na sasa najua nilikosea. Wale watu walikuwa wanajaribu kuchukua udhu vile udhu unavyotaka. Kifaa ndicho kilikuwa hakijui udhu ni nini.

*

Baba yangu ni dereva wa lori aliyesilimu Isiolo kabla sijazaliwa. Mama ni Mkatoliki wa Lodwar, mji wenye sanamu ya Yesu juu ya kilima. Sisi watoto tulikua tunajua sala za pande zote mbili, kwa hivyo udhu naujua kwa mwili. Unaosha viganja, unasukutua, unapandisha maji puani, unaosha uso, mkono wa kulia mpaka kiwiko halafu wa kushoto, unapaka maji kichwani na masikioni, unamaliza na miguu mpaka kwenye vifundo. Vile viungo vya kuoshwa, sunna ni mara tatu.

Sasa jaribu kuosha mkono wa kulia kwa mfereji wa kubonyeza. Mkono wa kushoto uko kwa kichwa cha mfereji. Wa kulia uko chini ya maji. Nani anasugua? Ukiuachilia mfereji ili usugue, maji yanakatika kabla hayajafika kiwiko. Ukifika miguuni ndio balaa, kwa sababu umeinama, umesimama kwa mguu mmoja, na mfereji uko juu usawa wa kifua. Kijana ataruka ruka. Mzee wa miaka 70 ataanguka.

Na kuna jambo ambalo orodha yangu ya maswali haikuligusa kabisa. Wasomali wengi na watu wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafi, na kwao kuosha maana yake ni maji yapite juu ya kiungo. Kulowesha tu hakutoshi. Waislamu wa Sudan, wakiwemo watu wa Darfur walio wengi Kakuma, wanafuata Maliki, na kwao kupitisha mkono ukasugua kiungo ni faradhi. Weka hao wawili kwenye msikiti mmoja, kisha uniambie utabuni mfereji gani. Maji lazima yatiririke, na mikono yote miwili lazima iwe huru. Ukileta kinyunyizio cha mvuke umemkosa Mshafi. Ukileta kitufe cha kushikiliwa umemkosa Mmaliki. Ile blada ilitoa jibu kwa wote wawili kwa mpigo mmoja, tena bila bajeti.

Ilimwaga maji, ndiyo. Na Kakuma huwezi kumwaga maji ukalala vizuri. Kiwango cha chini ambacho mashirika ya misaada yanakitambua wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Fanya hesabu rahisi. Mfereji ukitoa lita 6 kwa dakika, na udhu ukichukua dakika moja na nusu, hizo ni lita 9. Sala ni 5. Hata kama udhu mmoja unabeba sala mbili, mgao wa siku nzima umeshapita, na hujanywa chai.

Kwa hivyo shida ilikuwa ya kweli. Nilichotaka kujua ni kama sisi ndio watu wa kwanza kukutana nayo.

*

Hapana, si sisi. Watu wa pwani wamekuwa nayo zaidi ya miaka elfu moja.

Wachimbuaji wa mambo ya kale walipofika Shanga, kisiwani Pate, walipata misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya karne ya 8. Gede, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, msikiti mkuu wa karne ya 15 una kisima na birika la kutawadhia hapo hapo pembeni. Ukitembea kwenye magofu ya pwani, utaona mpango huo ukirudi: kisima, mfereji mdogo wa chokaa, birika, na mara nyingi mawe ya matumbawe sakafuni ya kusugulia nyayo kabla ya kuingia ndani. Hayo mawe nayapenda sana. Mtu aliyeondoa tope kwa jiwe hahitaji maji mengi ya kuondolea tope.

Birika lenyewe lilijengwa kubwa, na kuna sababu. Kwa Washafi, maji machache ambayo mtu ameingiza mkono wake ndani katikati ya udhu yanahesabika kuwa yametumika, na mwenzake hawezi kutawadhia tena. Lakini yakifika kipimo kinachoitwa qullatayn, kama lita 200 hivi, hayaharibiki kwa mikono ya watu. Lita 200 ni mitungi 10 ya lita 20, ile ile ya manjano unayoiona kwenye foleni Kakuma. Kwa hivyo waashi wa pwani waliposimamisha birika, walikuwa wanajenga fiqhi kwa mawe na chokaa. Birika kubwa liliwawezesha watu wengi kutumia maji yale yale bila mtu kumharibia mwenzake.

Halafu palikuwa na kata. Kifuu cha nazi, mpini wa mti. Unachota, unajimiminia, unachota tena. Kila ukichota unaona umechukua kiasi gani.

Lamu waliendelea mbele zaidi. Kwenye mabirika ya nyumbani waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa walijengea bakuli la kauri ya China, ili maji yakiisha samaki wabaki na mahali pa kuishi. Ukiniuliza ubunifu unaoheshimu mila unafananaje, nitakuonyesha hilo bakuli kabla sijakufungulia ripoti yoyote.

Na hapa ndipo Kiswahili kilinifanya nicheke peke yangu. Neno birika lina maana mbili. La kwanza ni tangi la maji, na hilo linatokana na Kiarabu birka. La pili ni chombo chenye mkono na mdomo mrefu, cha chai au cha kutawadhia, na hilo linatokana na ibriq. Kwa Kiarabu ni maneno mawili tofauti. Kwetu yamekutana yakawa neno moja. Tangi la kushirikiana na chombo cha mtu mmoja, vyote birika. Zana mbili za kupimia udhu, na lugha ikaziweka kwenye rafu moja.

*

Lakini kipimo kilichonishtua zaidi nimekuwa nikikitamka tangu darasa la pili.

Katika mapokeo ya Bukhari na Muslim, Anas anasimulia kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudd moja ya maji, na kuoga janaba kwa saa moja hadi mudd 5. Saa moja ni mudd 4. Mudd ni kama kiasi cha viganja viwili vya mtu mzima vilivyojaa, karibu robo tatu ya lita.

Sasa rudi pwani. Vipimo vya zamani vya nafaka huko ni kibaba na pishi. Pishi moja ni vibaba 4. Kibaba ni kama robo tatu ya lita. Umeona? Kibaba na pishi vinakaa pale pale ambapo mudd na saa vinakaa, na ndiyo sababu mpaka leo utasikia zaka ya Ramadhani ikipimwa kwa pishi. Kwa lugha yetu basi, udhu wa Mtume ulikuwa kibaba kimoja, na kuoga kwake kulikuwa pishi, au pishi na kibaba kimoja.

Haba na haba hujaza kibaba. Walimu walituandikia methali hiyo kwenye kila insha ya kuweka akiba, na hakuna aliyetuambia kibaba ni kiasi gani. Ni udhu mmoja.

Nilirudi nyumbani nikajaribu. Mara ya kwanza, mfereji wazi na karai chini yake: nilipopima yaliyoingia karaini yalikuwa karibu lita 7, na mimi si mtu wa kukawia. Mara ya pili, birika la plastiki: lita moja na kidogo, bila kujibana. Mara ya tatu nilijaza kikombe cha robo tatu ya lita, nikaketi kwenye kigoda, nikaenda polepole. Yalitosha. Miguu ilibakiwa na tone la mwisho, lakini yalitosha. Tofauti ilikuwa kwamba nilikuwa nayaona maji yakipungua.

Kwa sababu hiyo nafikiri mfereji ndio mgeni kwenye hadithi hii. Misri mfereji unaitwa hanafiyya, na masimulizi yanayopendwa huko ni kwamba misikiti ilipoanza kuwekewa mifereji, wanazuoni wa Kihanafi ndio waliokubali wakati wengine walisita, na jina likabaki. Maji ya chemchemi za Mzima yalifika Mombasa kwa mabomba miaka ya 1950. Mji ukiwa na maji ya bomba, birika linaanza kuonekana la kizamani, kata inakuwa pambo, na misikiti mipya inajengwa na safu ya mifereji ukutani. Mfereji ni safi na wa haraka. Lakini unaficha kipimo. Ukishaufungua hujui umetumia kibaba kimoja au 10, na bomba halitakwambia.

*

Turkana kipimo hakijawahi kufichwa.

Nyanya yangu, mamake mama, alilelewa kando ya Turkwel. Kiangazi, mto ukizama mchangani, wanawake na vijana walichimba visima kwenye kitanda cha mto. Ukifika chini sana mnasimama kama ngazi, mmoja chini, mwingine katikati, mwingine juu, mnapitishiana chombo mpaka maji yamwagwe kwenye hori la mbuzi na ngamia. Aliyechimba kisima ndiye mwenyewe. Mwingine akitaka kunywesha mifugo anaomba, na jinsi anavyoomba inaonyesha kama amelelewa vizuri.

Uislamu haukufika huku juzi. Msafara wa Count Teleki ulipofika kwenye ziwa mwaka 1888, ukitokea Pangani, ulikuwa na wapagazi wa Kiswahili na walinzi wa Kisomali, na pamoja nao Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe aliyejua njia. Vitabu vilimkumbuka Teleki, na ziwa likapewa jina la mwana wa mfalme wa Austria. Masimulizi ya mji wa Lodwar yanamtaja Shah Mohamed, aliyefika ukingoni mwa Turkwel na punda mwaka 1933 akafungua biashara. Serikali ya kikoloni iliona ukame huu kama ukuta wa gereza: Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha mwaka 1959 akaletwa Lodwar kukaa chini ya vizuizi mpaka 1961. Nyumba ipo bado.

Kwa hiyo watu wametafuta udhu kwenye huu mchanga kwa zaidi ya karne moja. Na mchanga wenyewe una nafasi yake katika dini. Tayamamu iliruhusiwa safarini, mkufu wa Bi Aisha ulipopotea na msafara ukakwama mahali pasipo na maji. Unapiga viganja kwenye ardhi safi, unapaka uso na mikono. Imetosha.

Niliwahi kusikia mtu wa mradi akisema kwa mkutano, "Si kuna ile ya mchanga? Mbona hawatumii hiyo?" Alisema kwa nia nzuri. Mzee mmoja wa msikiti akanyamaza kidogo, kisha akamjibu, "Mwanangu, hiyo ruhusa ni ya anayekosa maji. Wewe umetuletea mifereji 12. Unataka tukose wapi?" Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Ruhusa ya dini haigawiwi na mhandisi kama sabuni. Inatoka ndani, kwa wanaoijua, wakati wake ukifika. Mtu aliyepoteza nyumba, ng'ombe na nchi, ukimwambia na udhu wake pia apunguze kwa sababu bajeti imebana, umegusa kitu cha mwisho ambacho bado ni chake.

*

Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, ikipokea vijana waliotembea kutoka Sudan, kisha Waethiopia na Wasomali. Kambi za pwani, kama Utange karibu na Mombasa, zilipofungwa katika miaka ya 1990, sehemu ya waliokuwa humo ililetwa Kakuma. Miaka ya 2000 wakaja Wabantu wa Somalia kutoka Dadaab, wakisubiri kupelekwa Marekani. Leo Kakuma pamoja na Kalobeyei ni karibu watu 300,000, kwenye nchi ambayo wenyeji nao wana kiu.

Hilo la wenyeji siwezi kuliruka, kwa sababu mimi ni mmoja wao. Septemba 2013 serikali na UNESCO walitangaza kwamba setilaiti zimeonyesha bahari ya maji chini ya Turkana, kwenye bonde la Lotikipi na hapa Lodwar. Nilikuwa shule. Tuliambiwa maji yatatosha Kenya nzima kwa miaka mingi. Walipochimba Lotikipi wakapima, wakapata maji ya chumvi, hayanyweki bila kusafishwa kwa gharama kubwa. Nyanya hakushangaa. Alichoniuliza mimi, niliporudi kutoka kazini na ile fulana ya mradi, ni kitu kingine: "Ni kweli huko kambini wanaosha miguu kwa maji ya kunywa?"

Nilimwambia ndiyo. Sikuwa na jibu refu zaidi.

Jibu nililipata kwa mama mmoja Mbajuni. Alizaliwa Kismayo, akapita kambi za pwani, akaletwa Kakuma akiwa bado msichana. Nilikuwa nimetumwa kuwahoji wanawake, na swali la kwanza kwenye tableti lilikuwa, "Umeridhika na mfereji mpya kwa kiwango gani, 1 mpaka 5?" Akaniangalia.

"Mwanangu, huo mfereji mimi sijaugusa."

Uliwekwa nje, ukitazama barabara. Mwanamke atakunja mikono na kufunua nywele wapi hapo? Yeye na wenzake wote walikuwa wanatawadha nyumbani. Maji ya nyumbani yanaletwa na nani? Na yeye na binti yake, waliopanga mitungi kwenye foleni kabla jua halijatoka. Kwa hivyo ndani ya nyumba hiyo hakuna aliyehitaji kufundishwa kuokoa maji. Alinionyesha vyombo vyake: ndoo yenye kifuniko, na kata. Kifuu cha nazi, katikati ya Turkana, kilomita mia ngapi kutoka kwa mnazi wowote! Alisema wa kwanza ulitoka pwani na mamake. Huu wa sasa aliuagiza kwa mtu anayesafiri.

"Makata mawili ya uso na mikono, moja la miguu," akasema. "Likibaki tone, la mche." Alikuwa na mwarobaini nyuma ya nyumba, majani mazito, pale ambapo maji ya udhu yanaishia.

Kwenye tableti hapakuwa na mahali pa kuandika hayo.

*

Ulimwenguni watu wanaendelea kubuni. Mwaka 2010 kampuni ya AACE ilionyesha Malaysia mashine ya kutawadhia yenye vihisio, ikitangaza kwamba inatumia lita 1.3 kwa udhu, kwa bei ya dola elfu kadhaa. Oman, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos walijenga mtambo mdogo wa kusafisha maji ya udhu ya msikiti ili yamwagilie bustani, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Saudi Arabia, baraza la wanazuoni lilitoa fatwa mwaka 1978 kwamba maji machafu yakisafishwa mpaka yarudi hali yake ya asili, yanafaa. Na kibuyu chirizi, kile cha kukanyaga kwa mguu tulichokiona kila mahali wakati wa Korona, chimbuko lake ni Zimbabwe ya miaka ya 1980.

Nikipanga vyote hivyo pamoja na birika la Gede na kata ya yule mama, naona vinavyofanya kazi vinafanana. Mikono yote miwili iko huru. Maji yanatiririka, hayanyunyizwi. Unayaona yakipungua. Unaweza kuketi. Kuna ukuta kwa wanawake. Maji yaliyotumika yana mahali pa kwenda. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji shahada niliyoikosa. Vinahitaji mtu aulize kabla ya kung'oa mfereji.

Mradi uliisha miezi 3 baadaye, ripoti ikaenda ilikoenda. Wenyewe wa msikiti waliendelea. Fundi mmoja wa Darfur alijenga benchi refu la saruji la kuketi, na mbele yake mtaro unaoshuka kidogo kuelekea miche mitatu ya mwarobaini. Mifereji 11 walifunga. Wakaacha mmoja mwishoni, wa kujazia mabirika ya plastiki, yale yenye mistari ya rangi ambayo Wasudani wanayajua tangu kwao. Upande wa pili wakazungushia mabati, wakaweka pipa lenye kifuniko na makata mawili ya bati. Hilo la pili lilikuwa neno la yule mama. Tangi bado huisha siku nyingine. Ila nilipopita mwaka jana, saa ya alasiri, lilikuwa na maji, na watu walikuwa wameketi kwenye benchi wakitawadha bila haraka.

Jioni moja nilitawadha kwa nyanya Lodwar, kwa kopo, kando ya mti wake. Alikuwa ameketi akiniangalia mwanzo mpaka mwisho. Nilipomaliza alichukua kopo, akachungulia ndani, akaona kilichobaki.

"Ni haya tu?"

"Ni haya tu, nyanya."

Akayamwaga kwenye shina la mti, akanirudishia kopo.

Ripoti ile siwezi kuirekebisha, sina hata nywila ya tableti. Lakini kama kuna mtu anaisoma mahali, afike kwenye sehemu ya maoni, afute sentensi yangu, aandike: watumiaji hawakuulizwa.